Eben Byers: Tajiri wa Marekani aliyekunywa radiamu chupa 1,400

Tarehe 31 Machi 1932, katika hospitali moja jijini New York, alifariki dunia mtu mwenye umri wa miaka 51 ambaye uzito wake ulikuwa umeshuka hadi kilo 42 hivi. Meno yake karibu yote yalikuwa yametoka. Sehemu kubwa ya taya zake ilikuwa imeondolewa na madaktari wa upasuaji, na fuvu la kichwa lilikuwa limeanza kuingia matundu. Miaka mitano tu kabla ya hapo mtu huyo alikuwa mchezaji wa gofu mwenye afya tele, mfuga farasi wa mashindano, na mwenyekiti wa kampuni ya chuma. Alichougulia ni maji. Aliyanunua mwenyewe kwa fedha zake, akayanywa kwa hiari kila siku, na karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ilieleza kwa ukweli yaliyokuwa ndani yake.

Jina lake lilikuwa Ebenezer McBurney Byers, na marafiki zake walimwita Eben. Ni Mmarekani, na msomaji anaweza kujiuliza anatafuta nini katika ukurasa wa nchi jirani. Jibu liko Katanga, kusini mwa Kongo, na tutafika huko baada ya muda mfupi.

Byers alizaliwa tarehe 12 Aprili 1880 mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, mji uliokuwa ukifuka moshi wa viwanda usiku na mchana. Baba yake, Alexander Byers, alikuwa miongoni mwa matajiri wa chuma wa mji huo. Kampuni ya familia, iliyoitwa A. M. Byers, ilijulikana hasa kwa kutengeneza mabomba ya chuma, yale yanayopita ardhini na ndani ya kuta za nyumba. Hivyo utajiri uliomlea kijana huyo ulitokana kwa sehemu na mabomba ya maji. Alisomeshwa katika shule ya bweni ya St. Paul's, shule ya watoto wa wenye nacho, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Yale.

Umaarufu wake wa kwanza aliupata kwenye viwanja vya gofu. Mwaka 1902 alifika fainali ya ubingwa wa Marekani wa wachezaji wa ridhaa akashindwa. Mwaka 1903 alifika tena, akashindwa tena, safari hii na Walter Travis, aliyekuwa akiogopwa na kila mchezaji wa zama zile. Mwaka 1906, katika uwanja wa Englewood, New Jersey, akatwaa ubingwa kwa kumshinda George Lyon wa Kanada, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amevishwa medali ya dhahabu ya gofu katika michezo ya Olimpiki. Magazeti yalimjua, na watu wa daraja lake walipenda kukaa naye. Alikuwa pia mlenga shabaha hodari na mwenye mazizi ya farasi. Alipoingia katika uongozi wa kampuni za familia hakuacha michezo, na mwili wake ulibaki kuwa jambo alilolitunza na kujivunia.

Katika vuli ya mwaka 1927, akirejea kwa treni kutoka kutazama mchezo wa kandanda ya Kimarekani baina ya Yale na Harvard, alianguka kutoka kitanda cha juu cha behewa na kuumia mkono. Jeraha lenyewe halikuwa kubwa, ila maumivu hayakuondoka. Mchezo wake wa gofu ukaharibika, nguvu zikapungua, na yeye, aliyekuwa na miaka 47, akaanza kuhisi uzee unabisha hodi. Alizunguka kwa madaktari kadhaa hadi akafika kwa Dkt. Charles Moyar wa Pittsburgh, ambaye alimshauri anywe dawa ya maji iliyokuwa ikisifiwa sana, yenye jina la Radithor.

Radithor ilikuwa maji safi yaliyokenekwa mara tatu na kutiwa radiamu. Kila chupa ilikuwa na ujazo wa mililita 15 hivi, yaani kijiko kikubwa kimoja, na ilikuwa na aina mbili za radiamu: ile inayozaliwa na madini ya urani na ile inayozaliwa na thoriamu. Kila moja ilikuwa na nguvu isiyopungua maikrokyuri moja, ambayo kwa kipimo cha leo ni bekereli 37,000. Bei ya chupa ilikuwa dola moja, na kwa mfanyakazi wa kawaida wa wakati ule hiyo haikuwa fedha ndogo.

Kwa msomaji wa leo, ambaye neno mionzi humpeleka moja kwa moja Hiroshima au Chernobyl, ni vigumu kuelewa kwa nini mtu mwenye akili zake na elimu ya Yale alikubali kunywa kitu hicho. Inafaa kukumbuka kwamba radiamu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1898 tu, na Marie na Pierre Curie mjini Paris, na katika miaka iliyofuata madaktari waliona kwa macho yao kwamba inaweza kuunguza uvimbe wa saratani hadi ukanywea. Hiyo haikuwa hadithi, ilikuwa kweli. Kisha mwaka 1903 mwanafizikia wa Uingereza J. J. Thomson akatangaza kwamba maji ya visima yana gesi yenye mionzi, gesi ambayo sasa tunaiita radoni. Wengine wakapima chemchemi za maji moto za Ulaya, zile ambazo wagonjwa walikuwa wakizisafiria tangu zama za Warumi, wakakuta gesi ile ile. Basi ikaonekana kwamba siri ya chemchemi imefichuka: kinachoponya katika maji ni mionzi, na maji ya bombani ambayo hayana mionzi ni maji yaliyokufa.

Kutokana na fikra hiyo ilizaliwa biashara nzima ya kuyahuisha maji ya nyumbani. Chombo kilichouzika kuliko vyote kiliitwa Revigator, mtungi wa udongo uliopewa hataza mwaka 1912, ambao kuta zake za ndani zilikuwa na madini yenye urani na radiamu. Familia iliujaza maji jioni, na asubuhi kila mmoja, watoto wakiwemo, alikunywa bilauri kadhaa. Mitungi hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliingilia kati, lakini kwa namna ya kushangaza: kiliweka kiwango cha chini cha gesi ambacho mtungi ulipaswa kutoa katika saa 24 ndipo uidhinishwe. Kisichofikia kiwango hicho kilihesabiwa kuwa ni ulaghai. Serikali nayo, kupitia Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliwafuata wauzaji ambao maji yao hayakuwa na mionzi waliyoitangaza. Mkaguzi alikuwapo, ila alikuwa akiuliza swali moja tu, kama mteja amepewa kile alicholipia.

Kwa swali hilo Radithor ilikuwa bidhaa ya kweli kabisa. Mtengenezaji wake, William Bailey, hakuwa daktari ingawa alijiita hivyo. Aliwahi kuingia Chuo Kikuu cha Harvard akatoka bila shahada kwa kukosa fedha. Mwaka 1915 alifungwa siku 30 kwa kuwauzia watu kwa njia ya posta magari yasiyokuwapo, na mwaka 1918 alitozwa faini kwa kuuza dawa ya nguvu za kiume iliyokuwa na sumu ndani yake. Wauzaji wa namna hiyo hawajatoweka, na hapa kwetu mtu yeyote anayesafiri kwa basi amewasikia wakihubiri chupa zao. Tofauti ya Bailey ni kwamba mara hii chupa yake ilikuwa na kitu. Alifungua maabara mjini East Orange, New Jersey, akatangaza kwamba maji yake yanaamsha tezi za mwili na kutibu maradhi yasiyohesabika, na akawapa madaktari walioyaandikia wagonjwa wao asilimia 17 ya bei. Kati ya mwaka 1925 na 1930 aliuza chupa zaidi ya 400,000.

Na radiamu yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo tunapofika kwa jirani. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta shaba kwa niaba ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alikuta huko Shinkolobwe, karibu na mji tunaouita sasa Likasi, mwamba wa urani tajiri kuliko wowote uliokuwa umejulikana. Vita vya kwanza vya dunia vilipomalizika, madini hayo yalianza kuchimbwa, yakasafirishwa hadi Ubelgiji, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen kikatoa radiamu yake ya kwanza. Migodi ya Colorado, ambayo hadi wakati huo ilikuwa imeilisha dunia, haikuweza kushindana na kufungwa kwake kukafuata. Bei ya gramu moja, iliyokuwa imezidi dola 100,000, ilishuka hadi karibu dola 70,000. Kwa takriban miaka kumi, hadi Kanada ilipoanza kuchimba madini yake karibu na Ziwa Great Bear, sehemu kubwa mno ya radiamu mpya duniani ilikuwa ya Kongo. Mtoto wa Katanga anayesoma historia hufundishwa kwamba urani ya Shinkolobwe ilitumika katika bomu la mwaka 1945. Ni mara chache huelezwa kwamba miaka 20 kabla ya hapo urani hiyo ilikuwa karibu takataka, na kilichotafutwa ndani ya mwamba ule kilikuwa radiamu, ya hospitali, ya saa zinazong'aa gizani, na ya soko la wapenda afya.

Byers alianza kunywa Radithor mwezi Desemba 1927. Alisema anajisikia vyema, maumivu ya mkono yamepungua, nguvu zimerudi. Tusikimbilie kusema alijidanganya, kwani mkono ulioumia katika kuanguka hupona wenyewe baada ya miezi, na anayekunywa dawa huishukuru dawa. Kwa furaha hiyo akaongeza kipimo hadi chupa mbili, na siku nyingine tatu. Aliwatumia marafiki na washirika wake wa biashara makasha mazima. Baadhi ya chupa aliwanywesha farasi wake wa mashindano. Alifanya hivyo kwa karibu miaka mitatu, na jumla ya alizokunywa yeye mwenyewe imekadiriwa kuwa takriban chupa 1,400.

Radiamu ina tabia moja ambayo mwili hauwezi kuitambua kuwa ni hila. Katika kemia ni ndugu wa kalsiamu, madini yanayojenga mifupa na meno. Mtu akinywa radiamu, sehemu kubwa hutoka kwa njia ya choo, lakini ile inayobaki mwili huichukulia kuwa kalsiamu na kuihifadhi pale pale inapohifadhi kalsiamu. Ikishakaa mfupani huendelea kutoa mionzi aina ya alfa, ambayo ukiwa nje ya mwili haipenyi hata karatasi, lakini ikiwa ndani ya mfupa haina cha kupenya, kwa kuwa imekwisha fika. Inaunguza chembe hai zilizo jirani nayo na uboto unaotengeneza damu. Taya huathirika mapema kwa kuwa zinafanya kazi kila siku na zina majeraha madogo ya meno yasiyokwisha.

Mwaka 1930 Byers alimweleza daktari wake kwamba ile hali ya uchangamfu imemtoka. Alikuwa akikonda, kichwa kikimuuma, na taya zikimsumbua. Kisha meno yakaanza kutoka. Mtaalamu wa eksirei wa New York, Joseph Steiner, alidhani kwanza ni uvimbe wa kawaida wa matundu ya pua, hadi alipoona kwamba picha za taya zile zinafanana na nyingine alizokuwa amezisoma, za wasichana wa kiwanda cha saa.

Wasichana hao wanastahili kutajwa kwa kirefu kuliko kawaida, kwa sababu bila wao hakuna ambaye angejua Byers anaumwa nini. Walifanya kazi katika mji wa Orange, jirani kabisa na maabara ya Bailey, wakipaka nyuso za saa rangi yenye radiamu ili zing'ae usiku. Ili ncha ya brashi iwe kali waliinyoosha kwa midomo, kama walivyoelekezwa, na kila mara walimeza kidogo. Walipoanza kufa wakiwa na taya zilizooza, kampuni yao ilikana. Dkt. Harrison Martland, mchunguzi wa vifo wa wilaya yao, alithibitisha mwaka 1925 kwamba chanzo ni radiamu iliyomo mifupani mwao, na katika maandishi yake alionya pia juu ya maji ya radiamu yanayouzwa madukani. Mwaka 1928 watano kati yao walifikia makubaliano ya fidia na kampuni. Katika mwaka huo huo wa 1928, umbali wa mwendo mfupi tu, Radithor iliendelea kupakiwa kwenye makasha, na Byers aliendelea kunywa.

Tume ya Biashara ya Shirikisho ilimfungulia Bailey mashtaka mwezi Februari 1930, sasa kwa swali jipya: je, madai ya kwamba maji haya hayana madhara ni ya kweli? Mwaka uliofuata ikamwita Byers atoe ushahidi. Hakuweza kusafiri. Mwanasheria wa tume, Robert Winn, alitumwa mwezi Septemba 1931 kwenye jumba lake la Southampton, kando ya bahari ya Long Island, na huko akakuta fahari ya nyumba na, ndani yake, mtu aliyefungwa bandeji kichwani, ambaye taya ya juu ilikuwa imebaki na meno mawili tu ya mbele na taya ya chini ilikuwa imeondolewa kwa sehemu kubwa. Akili yake ilikuwa timamu, ila kuongea kulimtaabisha. Alieleza kila kitu. Tarehe 19 Desemba 1931 tume ilimwamuru Bailey aache kuitangaza Radithor kuwa ni tiba. Byers aliishi miezi mitatu zaidi.

Baada ya kifo chake mwili ulifanyiwa uchunguzi, na radiamu ikapatikana mifupani. Dkt. Moyar alikataa katakata kwamba maji aliyoyaagiza ndiyo yaliyoua. Alisema mgonjwa wake alikuwa na jongo, na kwamba yeye mwenyewe amekunywa maji yale kwa kiasi hicho hicho au zaidi na bado ni mzima. Bailey alisema vivyo hivyo. Byers alizikwa Pittsburgh, katika makaburi ya Allegheny, ndani ya jeneza lililotandikwa risasi.

Kifo hiki kilifanya kile ambacho vifo vya wasichana wa Orange havikuweza kufanya. Magazeti yaliandika kwa herufi kubwa kwa kuwa aliyekufa alikuwa bingwa na tajiri, mtu ambaye wasomaji walimjua kwa sura. Mtu anaweza kulisikitikia hilo, nami nalisikitikia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Maofisa wa afya katika miji mikubwa waliingia madukani kuondoa maji ya radiamu. Ilionekana pia wazi kwamba sheria ya chakula na dawa ya mwaka 1906 haikuwa na meno, kwa sababu ilihusu vyakula na dawa zilizoandikwa uongo, na radiamu haikuwa imeorodheshwa kuwa dawa. Kesi ya Byers ilikuwa mojawapo ya zile zilizowekwa mezani hadi sheria mpya, yenye nguvu zaidi, ikapitishwa mwaka 1938.

Bailey hakushtakiwa kamwe kwa kifo hicho. Aliendelea kuuza vitu vingine vyenye mionzi, ukiwemo mkanda wa kuvaa kiunoni, na akafa mwaka 1949 kwa saratani ya kibofu.

Aliyebaki na Byers ni mwanafizikia mmoja kijana, Robley Evans. Katika miaka ya thelathini Evans alianza kuwatafuta watu waliowahi kumeza radiamu, wapaka saa na wanywaji wa Radithor, akawapima wakiwa hai. Alitaka kujua ni kiasi gani mwili unaweza kubeba bila kuugua. Mwaka 1941 yeye na wenzake walikubaliana juu ya kikomo cha maikrokyuri 0.1, yaani bekereli 3,700, kwa mwili mzima. Hicho kilikuwa miongoni mwa vikomo vya kwanza duniani vya mionzi iliyo ndani ya mwili wa binadamu, na kilitokana na mifupa ya watu wanaojulikana majina yao. Mwaka 1965, akiwa profesa katika chuo cha MIT, Evans aliyafukua mabaki ya Byers. Hesabu zake zilikuwa zimetabiri bekereli 100,000. Kipimo kilionyesha 225,000, mara 60 ya kikomo. Mabaki yakarudishwa kaburini. Radiamu iliyotokana na urani hupungua nusu yake kila baada ya miaka 1,600, hivyo tangu azikwe hadi leo haijapungua hata sehemu moja ya ishirini.

Kutokana na watu hao ndipo vilipatikana vikomo vya maji ya kunywa ya nyumbani, ambavyo sasa ndivyo vinavyotuhusu. Radiamu haikuhitaji Bailey ili iingie majini. Mwamba wowote wenye urani au thoriamu, na miamba ya matale inayo zaidi ya mingine, huizalisha taratibu, na maji yaliyokaa chini ya ardhi kwa maelfu ya miaka huichukua. Kwa kawaida maji ya mvua, ya mito na ya maziwa huwa na kiasi kidogo tu. Visima virefu vya mashine ndivyo vinavyostahili kupimwa, hasa vile ambavyo maji yake yana chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri bekereli 1 kwa lita kwa radiamu ya urani, bekereli 0.1 kwa ile ya thoriamu, na maikrogramu 30 kwa lita kwa urani yenyewe. Marekani iliweka kikomo kikali zaidi mwaka 1976, pikokyuri 5 kwa lita kwa aina zote mbili za radiamu kwa pamoja. Kwa kikomo hicho, chupa moja ya Radithor ingehitaji kuchanganywa na lita 400,000 za maji safi ndipo iruhusiwe kunywewa.

Kiasi kinachopatikana visimani ni kidogo mno kuliko alichokunywa Byers, wala hakuna anayepoteza taya kwa maji ya kisima. Hofu iliyopo ni ya saratani ya mifupa inayokuja polepole kwa wachache kati ya wengi wanaokunywa maji yale yale kwa maisha yao yote. Ndiyo maana watafiti walipokuta, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, kwamba maji ya kale ya bonde la Disi kusini mwa Jordan yana radiamu inayozidi viwango vya kimataifa mara nyingi, mjadala ulikuwa mkali. Bomba la zaidi ya kilomita 300 lilikuwa likipangwa kuyafikisha Amman, na lilifunguliwa mwaka 2013, kwa makubaliano kwamba maji hayo yachanganywe na mengine ili kushusha kiwango.

Kwa anayetegemea kisima kirefu, jambo la kujua kwanza ni kwamba radiamu haina rangi, harufu wala ladha. Sisi wa Bonde la Ufa tumeijua floridi kwa meno ya watoto yanayogeuka kahawia. Radiamu haitoi hata alama hiyo. Kuchemsha, ambako ndiko tulikozoea, huua vijidudu na kuifukuza gesi ya radoni, lakini hakuigusi radiamu: maji yanapopungua sufuriani, yenyewe hubaki na kuzidi kukolea. Chujio la kitambaa na dawa ya klorini havisaidii pia. Vinavyoiondoa ni mitambo ya kubadilisha madini ya maji, ile ile inayotumika kuyalainisha maji magumu, au mitambo inayoyasukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, na mabaki yake yanahitaji pa kutupwa kwa uangalifu. Kuijua kwenyewe kunahitaji maabara.

Mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin, ulijipatia sifa katika karne ya 19 kwa chemchemi zake, na wagonjwa matajiri walikwenda kwa treni kunywa maji yake. Baadaye mji ulipochimba visima virefu, ulikuta radiamu inayozidi kikomo cha serikali. Ulibishana na serikali hiyo kwa miaka mingi, mahakamani na nje ya mahakama. Mwezi Oktoba 2023 ulifunga visima vyake na kuanza kunywa maji ya Ziwa Michigan, yanayoletwa kwa bomba.